Bi Beryl na Mbwa Aliyeogopa Kondoo

Bi Beryl Hardcastle alikuwa na kipaji kimoja ambacho Mungu alimpimia mpaka kikafurika, nacho kilikuwa kudharau. Wengine hupewa sauti ya kuimba, wengine mkono wa kuoka. Yeye alipewa jicho. Jicho hilo likitua juu ya kofia ya mtu, au mapazia yake, au namna anavyokata mkate, mwenyewe alijua kwamba hukumu imekwisha kupita hata kabla kinywa hakijafunguka. Kila Jumapili alitubu dhambi hiyo katika kanisa la Wamethodisti pale Harthwaite, mji wa viwanda vya sufu katika mabonde ya Yorkshire, na alitubu kwa moyo wote. Akishatoka mlangoni akamwona mke wa mhasibu na viatu vyake vyekundu, basi, anaanza kukusanya za wiki mpya.

Alizaliwa hapo hapo, binti wa mfumaji. Alisoma sekondari hadi mwisho, jambo ambalo msichana wa nyumba yao hakuwahi kulifanya, akaajiriwa ukarani kiwandani, akakaa huko mpaka kiwanda kilipofungwa milango na kugeuzwa kuwa nyumba za watu kutoka Leeds wanaokunywa kahawa wamesimama. Aliolewa na Clifford, muuza maziwa, mtu mwenye masikio makubwa na maneno machache. Watu walishangaa. Si kwamba Clifford hakuwa na la kudharauliwa. Alikuwa nalo tele. Alivaa fulana moja mpaka ikaona haya yenyewe, na hesabu zake za maziwa alizifanya kwa vidole. Lakini kila jicho la Beryl lilipomwelekea lilikosa makali, na hilo hakulielewa mpaka mwisho. Mungu hakuwajalia watoto. Hawakulizungumza.

Clifford alipostaafu akaleta mbwa. Mkulima mmoja wa huko milimani alikuwa anamtoa bure, mbwa mweusi mwenye kola nyeupe, wa ukoo wa wachunga kondoo tangu babu wa babu, na sababu ya kutolewa bure ni kwamba alikuwa anaogopa kondoo. Akiwaona alijificha chini ya trekta. Aliitwa Moss.

"Mbwa mchungaji anayeogopa kondoo," Beryl alisema, "ni kama mchungaji wa kanisa anayeogopa waumini. Nasi tumewahi kuwa naye mmoja, tukamrudisha."

Clifford alicheka tu. Ikawa kila Jumanne anaondoka na Moss kwenda kwenye klabu ya mashindano ya mbwa, pale ambapo watu wazima wanawafundisha mbwa kuruka viunzi, kupita ndani ya bomba la turubai, kupanda ubao mwembamba ulioinuliwa hewani na kujipenyeza kati ya fito zilizosimikwa mstari mmoja. Beryl alikwenda mara moja, akatazama, akarudi kungoja ndani ya gari. Aliwaona wanawake wenye umri wake wamefunga viunoni vifuko vya maini yaliyopikwa kwa kitunguu saumu, wanawaita mbwa wao "mwanangu" na kujiita "mama". Aliwaona wanapiga magoti matopeni kumsifu mnyama kwa sababu ametoka upande wa pili wa bomba, kana kwamba palikuwa na pengine pa kutokea. Nyumbani, kwa upande wake, sheria ilikuwa wazi: mbwa hulala sakafuni, hula sakafuni, na hapewi kitu kwa mkono wa binadamu. Clifford aliheshimu sheria hiyo kila Beryl alipokuwa chumbani.

Walikuwa wamefikia hapo, na Moss ameanza kusifiwa mpaka vilabu vya jirani, ingawa hakuwa bado ameshindana hata mara moja, Clifford alipoanguka bustanini kati ya mistari ya vitunguu. Alichukuliwa kimyakimya, kama alivyoishi.

Baada ya mazishi kulikuwa na chai katika ukumbi wa kanisa, na nyama ya nguruwe ndani ya mikate, kama inavyopasa. Ndipo alipokuja Philippa Lyle. Huyu alikuwa na nyumba kubwa nje ya mji, karavani lenye choo na jiko, na mbwa wanne ambao kuta zake hazikutosha kwa tepe zao za ushindi. Alimshika Beryl mkono kwa vidole viwili. Alisema pole. Kisha, chai haijapoa, akasema kwamba Moss ana kipaji cha pekee, kwamba ingekuwa dhambi kumwacha akinenepa jikoni kwa mtu asiyependa mbwa, na kwamba yeye yuko tayari kumchukua, kama msaada.

Beryl alikuwa hajalala siku nyingi. Alisema, na ukumbi mzima ukasikia, kwamba kukimbia kiwanjani huku unanyoosha kidole hata kuku angeweza, kama angepewa mabuti.

"Basi mkimbize wewe, mpenzi," alisema Philippa, taratibu sana. "Clifford alishamwandikisha kwa mashindano ya Juni. Mbwa akishaandikishwa yeyote anaweza kumwongoza. Azunguke bila kosa, nami sitalitaja jina lake tena. Akishindwa, niachie."

"Sawa," alisema Beryl.

Mdomo huponza kichwa. Alipofika nyumbani akavua kofia ndipo alipoona alichokifanya. Moss alikuwa amelala amejikunja mbele ya mlango wa nyuma, pua kwenye ufa wa chini, akimtegea Clifford sikio. Alilala hivyo jioni hiyo na jioni zilizofuata. Majirani walishapeleka kadi zao za pole na kurudi kwenye televisheni zao. Kanisani jina la Beryl liliingizwa kwenye maombi ya wafiwa, na baada ya muda likatoka. Duniani kote palikuwa na viumbe wawili tu waliokuwa bado wanamngoja Clifford, na mmoja wao ndiye huyu Beryl aliyekwisha kumweka mwenzake rehani mbele ya kanisa zima kwa ajili ya kupata neno la mwisho.

Kuvunja neno hakukumjia akilini. Alikuwa amewadharau watu wengi mno kwa kosa hilo. Ndiyo yenu iwe ndiyo, imeandikwa, na haikuandikwa "isipokuwa kwenye chai ya msiba".

Basi Jumanne akaenda klabu. Aliyempokea ni Janice Peel, katibu, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kicheko cha kufungua milango, ambaye Beryl alikuwa akimdharau tangu siku za shule kwa sababu alioa upya kila baada ya muda, yaani aliolewa, lakini ukimwona utasema yeye ndiye aliyeoa. Janice hakuweka kinyongo. Alimwonyesha kila kitu: mkono upi unyooshwe, bega ligeuke wapi, kwamba mbwa lazima aguse rangi ya manjano kwenye miisho ya mbao za kupanda, kwamba ukimshika mbwa kwa mkono umekwisha. Kitu kimoja tu hakumwambia. Hakumwambia kwamba ni marufuku kumlisha mbwa ndani ya kamba za uwanja. Lakini nani humwonya asiyekunywa pombe kwamba asiendeshe gari akiwa amelewa? Klabu nzima ilijua kwamba Beryl Hardcastle hatoi chakula mkononi. Walimwomba ajaribu maini, akauliza kama wao huwalisha waume zao maini kila wakikumbuka kufuta miguu mlangoni.

Siku ya mashindano mvua ilinyesha, mvua nyembamba ya Juni isiyo na haraka. Shamba la mkulima mmoja lilikuwa limezungushiwa kamba, pakasimikwa mahema, karavani zikapangwa ukingoni kama mji wa watu waliofukuzwa kwao na wakaona heri. Kila mahali mbwa walibweka. Beryl alivaa koti lake la mvua la kanisani na mabuti ya mpira, mfukoni ana kipande cha pai ya nguruwe kilichofungwa kwa karatasi, kiwe chakula chake cha mchana, maana alishaona mikono ya mwanamke aliyekuwa akiuza chakula kwenye hema.

Kabla ya kuanza, waongozaji waliruhusiwa kuingia uwanjani bila mbwa kuitembea njia. Hapo Beryl alidhani ameona yote. Watu zaidi ya arobaini walitembea mvuani kila mmoja peke yake, mikono imenyooshwa, wanageuka ghafla, wanamnong'oneza mbwa asiyekuwepo, wanamwita, wanamsifu, wanamkaripia. Mzee mmoja mwenye ndevu alirudi nyuma akicheza mabega kama bibi harusi. Wakati wa utoto wake Beryl alipelekwa kwenye mkutano wa injili ndani ya hema kubwa, akaona watu wamepandwa na roho wanazungumza na hewa, akaondoka na baba yake kabla ya sadaka. Lakini wale walikuwa angalau na habari ya kwamba wanazungumza na Mungu.

"Nyoosha mkono na wewe, shoga," Janice alimnong'oneza. "Usipoitembea utapotea."

"Nitapotea na mbwa halisi," alisema Beryl. Hata hivyo, kwenye kona ya mwisho ambapo aliona hakuna anayemtazama, alinyoosha kidole kimoja, kidogo, karibu na paja.

Philippa alishinda daraja lake asubuhi hiyo hiyo, na mbwa wake wa pili akawa wa tatu. Alikuja na utepe mkononi akasimama kando ya kamba, mwavuli mkubwa juu yake, amejipanga kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake stesheni.

Jina likaitwa. Beryl alimfungua Moss kamba ya shingoni, akamwambia akae, akaanza kwenda mbele kama alivyofundishwa. Akaomba. Sala zake kwa kawaida zilikuwa ndefu na zenye maelezo. Hii ilikuwa fupi: Bwana, asikosee. Kisha akaita.

Moss aliondoka kama kitu kilichokatwa uzi. Kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, na Beryl yuko bado kwenye cha kwanza. Goti lake halikukubali kukimbia na yeye mwenyewe hakukubali pia. Alitembea kwa hatua za mtu anayewahi ibada lakini hataki ionekane kwamba amechelewa. Kando ya kamba mtu alicheka. Moss alifika kwenye kiunzi cha nne, akageuza kichwa, akamwona yuko mbali, akasimama. Alimngoja. Alipomkaribia akaruka. Ikawa hivyo uwanja mzima, mbwa anakwenda kama umeme halafu anasimama na kutazama nyuma, kama mtoto anayekwenda sokoni na bibi yake. Alilipita bomba. Aliupanda ukuta wa mbao wenye sura ya paa akashuka na kugusa manjano kwa makucha yote. Kwenye fito Beryl hakujua la kufanya, akasimama tu, na Moss akaingia mwenyewe kwa upande unaostahili, akapenya moja baada ya nyingine mpaka mwisho, mkia umelala kama kalamu.

Waliokuwa wanacheka walinyamaza. Hapakuwa na fimbo ya kiunzi iliyoanguka. Hapakuwa na kosa hata moja.

Kikafuata kile kitu kirefu, ubao mwembamba wa juu. Moss alipanda, akafika katikati, akasimama. Kutoka pale aliona shamba zima: mahema, karavani, na nyuma yake magari yaliyoegeshwa kwenye majani. Magari ndiyo aliyoyatazama. Alitazama moja moja, masikio yamesimama, mguu mmoja wa mbele umeinuka. Mbwa akigeuka nyuma pale juu au akiruka pembeni, ndiyo mwisho. Mwamuzi, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu iliyolowa, aliinua mkono nusu akangoja.

Beryl alifika chini ya ubao. Alijua fika Moss anatafuta nini, maana na yeye alipofika asubuhi macho yake yalikwenda huko huko, kwenye magari, bila kuombwa.

Tangu mazishi alikuwa amesema "marehemu mume wangu" kwa watu wa benki na "Clifford amepumzika" kwa watu wa kanisani. Jambo lenyewe hakuwa amelisema.

"Hayupo, Moss," alisema. "Hatakuja. Tushuke."

Mbwa alimtazama. Akashusha mguu, akashuka ubao wote hatua kwa hatua, akagusa manjano. Vikabaki viunzi viwili, akaviruka, na Beryl nyuma yake, na watu wakapiga makofi, si ya heshima ya watu wa Yorkshire ambayo ni kama kukung'uta vumbi, bali makofi yenyewe. Moss alirudi mbio akakaa mbele ya mabuti yake, ulimi nje, mvua inamdondoka puani.

Mkono wa Beryl uliingia mfukoni. Hakuutuma. Ulifungua karatasi, ukavunja pai, ukashuka, na mbwa akala kwenye kiganja chake, taratibu, kwa midomo, asimguse kwa jino.

Makofi yalikatika. Beryl aliinua kichwa akamwona mwamuzi amepishanisha mikono juu ya kichwa chake, na Janice nje ya kamba amefunika uso kwa kofia.

"Samahani sana, mama," mwamuzi alisema, na alionekana kweli anasikitika. "Ndani ya kamba hairuhusiwi kumlisha. Nimemwondoa."

"Amekwisha maliza."

"Amemaliza, ila hajatoka. Mpaka mtoke hapo langoni, bado mko mashindanoni."

Beryl alilitazama lango. Lilikuwa hatua chache tu. Angeweza kubishana, na wapo wanaobishana, asubuhi aliwasikia. Lakini maisha yake yote alikuwa upande wa sheria dhidi ya watu wenye sababu nzuri, na hakuona namna ya kuhamia upande wa pili akiwa amelowa.

"Basi andika," alisema.

Janice alimpokea langoni akamwambia, na wengine wawili watatu wakamuunga mkono, kwamba asiwe na wasiwasi, yale yalikuwa maneno ya kwenye chai, hakuna anayemshikilia mtu kwa maneno ya kwenye chai, aingie garini aende zake na Philippa apige kelele akitaka. Beryl alimfunga Moss kamba. Alimwambia Janice kwamba wapo watu ambao kwao kiapo ni kitu cha kuvaa na kuvua, wala hataji waume wangapi, ila yeye alisema neno mbele ya kanisa. Janice aliguna tu, akamwazima leso. Beryl aliikataa, kisha akaichukua.

Alitembea kwenye majani mpaka karavani la Philippa. Njiani hakumtazama mbwa. Alimwambia Mungu kwamba aliomba kitu kidogo, na kwamba amejibiwa kama karani anavyomjibu mtu aliyefika dirisha likiwa limefungwa.

Philippa alikuwa kwenye ngazi anakunja mwavuli. Beryl alimnyooshea kamba.

"Amekosea. Yaani mimi ndiye niliyekosea, lakini ni kitu kimoja. Mchukue."

Philippa hakuinyooshea mkono. Alimtazama Moss, kuanzia pua mpaka mkia, kama mtu anayerudisha kitambaa dukani.

"Simtaki," alisema.

"Unasemaje?"

"Nilimtazama mzunguko mzima. Mbwa niliyemtaka mimi alikuwa mbwa wa Clifford, anakwenda kama risasi bila kuuliza. Huyu kila kiunzi anasimama kukuangalia kama umefika. Tabia hiyo ikishaingia haitoki, mpenzi, nitapoteza mwaka mzima. Na sasa umemfundisha kungoja pai kwenye mstari wa mwisho. Umemharibu kabisa."

Beryl alihisi damu inampanda mpaka kwenye kofia. Ameharibika? Aliuliza kama Philippa aliziona zile fito, kama katika mbwa wake wanne yupo hata mmoja anayeingia kwenye fito bila kupigiwa ukelele. Alisema Moss amegusa manjano kila mahali, kwa makucha yote, na waliokuwa na macho waliona. Alisema kusimama kumngoja mtu si ila, ni adabu, na wapo watu wenye karavani ambao wangefaidika nayo. Alisema mbwa mwenye akili kama huyu haonekani bondeni kote. Alikuwa amefika kwenye ukoo wa Moss, tangu babu wa babu, alipojisikia. Alikuwa anamnadi mbwa kama muuza samaki sokoni, na neno moja zaidi huenda angefaulu kumuuza.

Akafunga mdomo. Walioshuhudia walisema hawajawahi kuuona ukifungwa katikati ya sentensi.

"Umemaliza?" aliuliza Philippa.

"Nimemaliza."

"Basi nendeni, mnanijazia tope kwenye ngazi. Na ukirudi mwakani, jifunze kukimbia."

"Mwakani nitatembea vilevile," alisema Beryl.

Akageuka, kamba imezungushwa mkononi mara mbili, na Moss akatembea kando ya goti lake bovu, polepole kama lilivyotaka. Janice alikuwa ameshawasha gari. Alipoelezwa alicheka mpaka kioo kikaingia ukungu, na Beryl alimwambia atazame barabara.

Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi ya kimya, Bi Beryl aliinamisha kichwa kumshukuru Mungu. Aliona wazi kilichotendeka. Aliyewahi kusema kwa kinywa cha punda wa Balaamu hakushindwa kusema kwa kinywa cha Philippa Lyle, na pengine ilikuwa kazi rahisi zaidi. Alitaka kumshukuru kwa ajili ya Philippa kwa jina, kama inavyompasa Mkristo. Alifika kwenye jina, ukamjia ule mwavuli, na vile vidole viwili, na "mpenzi", akakwama. Alijaribu tena. Mwishowe aliona heri amshukuru kwa ajili ya mbwa kwanza, na kwa ajili ya Clifford, kwa kirefu na kwa maelezo, na Philippa akae kwenye foleni kama watu wengine. Mhubiri akasema amina kabla zamu yake haijafika.